Mtoto wa Kaka Yangu Ataka Kiinua Mgongo Changu Kikajenge Blokicheni

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 43, mkazi wa Mombasa. Kwa miaka kumi na sita nilifanya kazi ya uhariri katika gazeti moja, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa nikarudi nyumbani na kiinua mgongo pamoja na barua ya shukrani ambayo hadi leo sijaifungua mara ya pili. Kwa kuwa sikuweza kukaa bure, nilianzisha jarida la barua pepe la Kiswahili linalotoka kila Alhamisi alfajiri. Ninaandika kuhusu bandari na bahari: ada za makasha, mvutano wa mizigo kati ya reli na malori, madai ya mabaharia, bei ya samaki, na yale yanayosemwa Kilindini ambayo magazeti huyafikia yakiwa yamepoa.

Baada ya miaka miwili nilikuwa na wasomaji 1,900, na kati yao 312 walikuwa wakilipa. Wa nyumbani, ambao ni 250, walinitumia shilingi 200 kila mwezi kwa M-Pesa, nami nikawaingiza mmoja mmoja kwa mkono. Wengine 62 wako nje, wengi wakiwa Muscat, Uingereza na Marekani, nao walilipa dola 5 kwa kadi. Utaona kwamba hao wachache waliniletea karibu shilingi 40,000, kiasi kisicho mbali sana na zile 50,000 za wa nyumbani.

Jukwaa la kigeni nililotumia halikuweza kulipa akaunti ya Kenya, kwa hiyo nilitumia jina la binamu yangu anayeishi ng'ambo. Fedha ziliingia kwake, naye akanitumia. Januari mwaka huu akaunti ilifungwa. Nilipata barua ya sentensi mbili isiyo na jina la mtu wa kujibiwa, malipo ya miezi miwili yakazuiwa, na orodha ya wasomaji wangu ikazama pamoja na akaunti. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Nimewatafuta wasomaji kama mtu aliyemwaga mtama gizani, na wanaolipa niliowapata mpaka sasa hawajafika 200.

Sasa kuna mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 26, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la nne. Ni mtaalamu wa programu na anaishi nasi katika chumba cha uani. Siku akaunti ilipofungwa alinikuta nikilia jikoni, akaniambia, "Shangazi, nitakujengea jukwaa ambalo hakuna binadamu atakayeweza kulifunga." Tangu hapo, kwa miezi minane, amekuwa akijenga mfumo wa usajili juu ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Anasema makala zangu zitahifadhiwa mahali ambapo hazifutiki, msomaji atalipa kwa sarafu thabiti, yaani sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, moja kwa moja katika pochi yangu ya kidijitali, na uanachama wake utakuwa tokeni, yaani cheti cha kidijitali anachokimiliki mwenyewe. Hajaniomba hata shilingi moja ya kazi hiyo.

Ameniomba sasa. Kiinua mgongo kilichobaki ni shilingi 700,000, naye anahitaji 450,000 ili amlipe mwenzake wa kumsaidia, msimbo ukaguliwe, kisha tutoe "tokeni ya jarida" ambayo wasomaji wa mwanzo watainunua kwa bei ya chini na itapanda kadiri jarida linavyokua. Msomaji wangu mmoja wa Muscat, mtu wa biashara ya meli, ameahidi kununua tokeni za shilingi 200,000.

Mume wangu ni mhasibu. Kwake fedha hizo ni za kumalizia nyumba yetu ya Mtwapa na za mtoto wetu wa kwanza anayeingia chuo mwakani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fanya utakalo, lakini mwezi wa tisa usiniulize ada." Tangu jioni ile kijana hali nasi tena, huchukua sahani yake akaenda nayo uani.

Nakiri kwamba nusu ya anayonieleza siielewi, nami huitikia kwa kichwa ili nisimvunje moyo. Lakini mlango nimeshafungiwa mara moja, na sitaki kufungiwa tena. Je, nimfuate kijana au nimsikilize mume? Na je, ni ujinga mtu wa umri wangu kutaka kitu ambacho ni chake kabisa?

Mhariri Asiyelala, Mombasa

*

Marahaba, dada yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo jepesi: si ujinga. Mtu aliyeandika kwa miaka kumi na sita chini ya jina la gazeti la mwingine, kisha miaka miwili chini ya akaunti ya binamu, ana haki ya kutamani paa lake mwenyewe. Wala hukupatwa na jambo la ajabu. Twitter ilinunua huduma ya majarida iliyoitwa Revue mwaka 2021, ikaifunga Januari 2023. TinyLetter, iliyokuwa kipenzi cha waandishi wadogo, ilifungwa na wenye nayo Februari 2024. Hao walau walipewa taarifa mapema na nafasi ya kuchukua orodha zao. Wewe ulinyimwa hata hilo, na ninaelewa kwa nini ahadi ya kijana pale jikoni ilikuingia moyoni.

Ninavyokusoma, mambo matatu yamefungwa katika kitambaa kimoja. Upo mlango uliofungwa, yupo mtoto uliyemlea anayetaka umwamini kama mtu mzima, na zipo fedha ambazo ndani ya nyumba yako zina mipango miwili. Umeniuliza kana kwamba ni jambo moja lenye jibu la ndiyo au hapana, upande wa kijana au upande wa mume. Niruhusu nilifungue fundo hilo polepole, nikianza na kuuliza kilichokuumiza Januari kilikuwa nini hasa.

Fedha zilizuiwa kwa sababu njia ya malipo ilipita katika jina lisilo lako. Sikulaumu, kwani wengi wa pwani na bara wanafanya hivyo. Kampuni ya Stripe, ambayo majukwaa mengi huitegemea kwa malipo ya kadi, haifungui akaunti kwa mfanyabiashara aliyeko Kenya; Substack, kwa mfano, hukata asilimia 10 ya mapato ya mwandishi na hulipa kupitia Stripe peke yake. Lakini akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mtu ambaye si mwandishi ni akaunti ambayo jukwaa lina kisingizio cha kuifunga siku yoyote itakapotiliwa shaka. Orodha nayo ilipotea kwa sababu nakala yake ilikuwa ya miezi saba. Majukwaa mengi humruhusu mwandishi kupakua orodha ya wasomaji wake wakati wowote, na faili hiyo haijazi hata kona ya simu. Ninauliza kwa upole: katika majeraha hayo mawili, ni lipi ambalo blokicheni ingelizuia?

Kwa lile la kwanza, kijana ana hoja, na si haki kumpuuza. Msomaji wako wa Marekani anaweza kutuma dola 5 za USDC, ambayo ni sarafu inayokusudiwa kulingana na dola, zikafika katika pochi yako kwa muda mfupi bila Stripe na bila binamu. Zamani ada ya muamala kwenye Ethereum yenyewe, ambayo ni moja ya blokicheni kubwa, ingeweza kuzidi hizo dola tano. Lakini tangu mabadiliko ya Machi 2024, ada katika mitandao iliyojengwa juu yake, kama Base na Arbitrum, zimeshuka mpaka senti chache au pungufu ya hapo. Kwa wale 62, basi, anachokisema si ndoto za kijana asiyelala. Tahadhari ni kwamba hata sarafu hiyo huyumba: Machi 2023, fedha za akiba ya USDC zipatazo dola bilioni 3.3 zilipokwama katika benki iliyoanguka Marekani, thamani yake ilishuka hadi chini ya senti 90, ikarudi baada ya siku chache. Pesa ya ada ya chuo haifai kukaa humo mwezi mzima.

Sasa mfikirie msomaji wako wa Likoni anayelipa shilingi 200, yaani takriban dola moja na nusu. Leo anabonyeza M-Pesa akiwa ndani ya feri na mambo yamekwisha. Katika jukwaa jipya atahitaji kwanza kufungua pochi, aandike maneno kumi na mawili ya siri ambayo ndiyo ufunguo wake na kuyahifadhi mahali ambapo wajukuu hawayafikii, amtafute mtu au soko la kumbadilishia shilingi ziwe sarafu, alipe ada ya kubadilisha, kisha ndipo ajisajili. Huenda kijana ameshapunguza baadhi ya hatua hizi, kwani zipo mbinu za kumlipia msomaji ada ya muamala na kumficha ugumu wa pochi. Hatua ya kugeuza shilingi kuwa sarafu, hata hivyo, haiondoki; inabebwa na mtu fulani, na mtu huyo anaweza kufunga mlango.

Lipo pia jambo ambalo hata baadhi ya wanaojenga mifumo hii huligundua wakiwa njiani. Mkataba janja, kama vijana wanavyoiita programu inayokaa juu ya blokicheni, haujiamshi wenyewe kila tarehe mosi. Ili malipo yajirudie, msomaji lazima auruhusu mkataba uchukue kiasi fulani katika pochi yake, kisha kila mwezi mtu au kompyuta nyingine iuamshe uchukue. Ruhusa ikiwa finyu, msomaji atasumbuliwa kuithibitisha tena na tena. Ikiwa pana na msimbo ukawa na tundu, pochi yake inaweza kukombwa. Ulimwengu wa Ethereum ulijifunza hayo mapema, Juni 2016, pale mtu alipotumia kosa katika mkataba wa mradi ulioitwa The DAO na kuchota etha, sarafu ya Ethereum, milioni 3.6. Huku nyumbani, tangu mwishoni mwa 2024 M-Pesa ina huduma ya Ratiba inayomwezesha mteja kupanga malipo yajirudie yenyewe. Sijui kama uliwahi kuwaambia wasomaji wako 250 kuhusu hiyo.

Na barua je? Blokicheni haipeleki barua pepe. Alhamisi alfajiri jarida lako litasafirishwa na seva za kawaida, na tangu mwaka 2024 Gmail na Yahoo zinamtaka anayetuma kwa wingi athibitishe kikoa chake, yaani anwani yake ya mtandaoni, na aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, la sivyo barua zake huishia kwenye taka au hukataliwa. Anwani za wasomaji nazo haziwezi kuwekwa katika daftari linalosomwa na dunia nzima, kwa hiyo zitakaa katika hifadhidata ya kawaida, kwenye seva inayolipiwa kila mwezi. Ukimwomba kijana akuchoree ramani ya jukwaa zima kwenye karatasi moja, utaona kwamba vyumba vingi bado vina kufuli za zamani, na si vibaya kumwuliza kila kufuli ufunguo wake uko wapi.

Kuhusu makala kutofutika, hapa ninazungumza na mhariri. Zipo hifadhi kama Arweave ambazo hulipiwa mara moja ili maandishi yabaki daima, na kwa mwandishi anayeogopa kunyamazishwa hilo ni jambo kubwa. Ila wewe unajua simu ya Ijumaa asubuhi: "Mama, mlichoandika kuhusu kasha letu si kweli." Mara nyingi ni wao wanaosema uongo, lakini mara nyingine ni wewe uliyekosea jina la kampuni au tarakimu moja. Utasahihisha vipi andiko lisilofutika, na utaiambia nini mahakama ikiamuru liondolewe? Isitoshe, makala ya kulipia ikiwekwa wazi kwenye hifadhi ya umma itasomwa na wote, kwa hiyo lazima isimbwe kwa ufunguo, na ufunguo huo utatolewa na mfumo fulani unaoangalia nani amelipa. Mfumo huo ukizimika, hata aliyelipa hasomi.

Lililonifanya niweke kalamu chini, dada yangu, ni wasomaji wako wa bandarini. Hukuwataja, lakini mtu haandiki "yale yanayosemwa Kilindini" bila makarani, madereva na mabaharia wanaomsoma na pengine kumnong'oneza. Katika blokicheni ya wazi, tokeni ya uanachama hukaa katika pochi ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Jina la mwenye pochi halimo, ni kweli. Lakini siku karani huyo atakapotumia pochi hiyo hiyo kumlipa mwenzake wa kazini, mwenzake ataona kwamba anasoma jarida lako na tangu lini. M-Pesa nayo haina siri kamili, kwani kampuni na serikali zinaweza kuona, lakini bosi wake hawezi kuketi ofisini akaichungulia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa msomaji haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na daftari lisilofutika halitii ombi hilo kwa urahisi. Pengine kijana ana dawa ya tatizo hili. Ningetaka kuisikia kabla ya kusikia habari ya rangi ya nembo.

Tuje kwenye tokeni ya kuuza, ambayo kwangu ni jambo tofauti kabisa na tokeni ya uanachama, ingawa katika barua yako zimeshikana mikono. Mwaka 2018 mradi wa Civil, uliotaka kuendesha uandishi wa habari juu ya blokicheni ukiungwa mkono na kampuni kubwa ya Ethereum, uliuza tokeni zake ukitarajia angalau dola milioni 8. Haukufika, ukawarudishia wanunuzi fedha zao, na ukafungwa mwaka 2020. Steemit, iliyowalipa waandishi kwa sarafu yake yenyewe, ilinunuliwa na tajiri mmoja mwaka huo huo wa 2020, na wanajumuiya waliokataa mamlaka yake wakalazimika kujitenga na kuanzisha blokicheni yao ya Hive. Hawa walikuwa watu wenye fedha na mawakili. Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali imeiweka biashara hii chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kuuza tokeni kwa umma si jambo la kufanywa kutoka chumba cha uani bila kwanza kumwona wakili. Kodi nayo hubadilika: ile ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa mwaka 2025, mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada zinazotozwa na watoa huduma.

Zaidi ya sheria, mfikirie yule bwana wa Muscat. Atakapotoa shilingi 200,000 ataamini kwamba amenunua nini? Ikiwa amenunua kitu kitakachopanda bei, basi siku kitakaposhuka hutakuwa tena na msomaji, bali utakuwa na mtu anayekudai. Naye yumo katika biashara ya meli, ambayo ndiyo unayoiandikia. Siku meli inayomhusu itakapowaacha mabaharia bila mishahara, Alhamisi hiyo utaandika ukiwa na mkono mwepesi au mzito? Ulikimbia jukwaa lililoweza kukufunga bila maelezo. Sina hakika kwamba mtu mmoja mwenye sehemu kubwa ya tokeni zako ni mwenye nyumba mwepesi kuliko hilo.

Pamoja na hayo, kuna neno katika barua yako ambalo nimelirudia mara kadhaa, nalo ni "pochi yangu". Maneno ya siri ya pochi hiyo leo yanajulikana na nani? Mkataba ukishawekwa, nani mwenye mamlaka ya kuubadilisha? Nikikisia kwamba ni kijana peke yake, sisemi kwamba si mwaminifu. Kijana anayefanya kazi miezi minane bila malipo kwa ajili ya shangazi yake ana uaminifu wa kutosha. Ila vijana wa fani yake hupata kazi Nairobi au ng'ambo, huoa, huugua, hupoteza kompyuta kwenye matatu. Mara ya kwanza jarida lako lilikaa kwa jina la binamu, na usingependa mara ya pili likae kichwani mwa mtoto wa kaka yako. Zipo pochi zinazohitaji funguo mbili kati ya tatu ili fedha zitoke, na inawezekana kabisa ufunguo mmoja ukawa wako, wa pili wake, na wa tatu wa mumeo mhasibu. Ninalitaja hilo kwa sababu linakuingiza katika mazungumzo ambayo hadi sasa wanaume hawa wawili hawajayafanya.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili. Unaweza kusimamisha jarida kwenye programu huria kama Ghost, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida na isiyokata asilimia ya mapato, chini ya kikoa chako mwenyewe, na kuendelea kupokea M-Pesa. Ugumu wake ni kwamba malipo yaliyomo ndani ya Ghost nayo hutegemea Stripe, kwa hiyo kazi ya kuunganisha M-Pesa itabaki, na kazi hiyo ni ya mtu kama kijana wako. Wale 62 wa nje wangebaki bila njia rahisi.

Unaweza pia kuwaacha wa nyumbani kwenye M-Pesa na kuwafungulia hao 62 peke yao mlango wa sarafu thabiti, kwa kutumia mikataba iliyokwisha kujengwa na kutumiwa na wengine, kama Unlock, badala ya kuandika mipya. Gharama ingekuwa ndogo na ungejua mapema ni wangapi kati ya hao watakaokubali. Pengine ni kumi tu. Hatari yake ni moyo wa kijana, ambaye ataona jumba lake limegeuzwa dirisha. Utategemea kazi ya wengine pia, na hata huko milki hubadilika: Mirror, jukwaa la uandishi lililojengwa juu ya blokicheni, lilichukuliwa na Paragraph mwaka 2024. Haki isemwe, maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa Arweave hayakupotea kwa sababu ya ununuzi huo.

Au unaweza kujenga lote, kama anavyotaka. Silikejeli wazo hilo. Waandishi wa Kiswahili wenye tatizo lako wapo kutoka Lamu hadi Bukavu, na jukwaa linalowalipa bila binamu lingekuwa kitu cha thamani. Hata hivyo hiyo ni kampuni, dada yangu, wala si jarida. Alhamisi alfajiri itakukuta ukijibu malalamiko ya mwandishi wa Kigoma aliyesahau maneno yake kumi na mawili. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema unatamani maisha hayo, ingawa huenda hukuulizwa.

Kuhusu mumeo, nimeisoma sentensi yake mara tatu na kila mara nimesikia hofu zaidi ya kitisho. Ni mtu anayehesabu kwa kazi, na nadhani hakuonyeshwa hesabu: ni wasomaji wangapi wanaolipa wanahitajika ili shilingi 450,000 zirudi, na kwa miezi mingapi. Huenda akiiona bado akakataa. Kukataa kwake kutakuwa kwa namna nyingine.

Na kijana. Miezi minane ya kazi tayari ni deni, liwe jukwaa limejengwa au halikujengwa. Nadhani sahani anayoipeleka uani inahusu hilo zaidi ya blokicheni. Ukilitenganisha deni la kazi iliyokwisha kufanywa na fedha za kazi ijayo, unaweza kumheshimu kwa lile la kwanza hata kama la pili bado hujalipatia jibu. Na acha kuitikia kwa kichwa. Mhariri asiyeelewa aya humrudishia mwandishi, na mwandishi mzuri hushukuru. Mwombe akueleze upya kwa maneno ambayo ungeyachapisha.

Kama angekuwa wangu, ningemwomba jioni moja mbele ya mumeo amsajili msomaji wako mzee kuliko wote, kwa simu ya mzee mwenyewe, huku ninyi wawili mkitazama bila kusaidia. Akishalipa, mwulize kijana mzee atafanya nini simu hiyo ikitumbukia baharini. Msikilizeni mpaka amalize. Kisha niandikie mlichokiona.

Na Ijumaa hii, barua zikishatoka na kabla hujaweka chai mekoni, pakua orodha ya wasomaji wako, uiweke kwenye diski mbili, moja ikae kwako na moja ndani ya kabati la mumeo.